Kifungu cha Saba

Donatus aliingia dukani kwa Mama Eliya saa tatu asubuhi, mkataba mkononi, ameushika kwa uangalifu kama mtu aliyetoka kupewa majibu ya hospitali. Hakuketi. Alitaka kujua jambo moja tu: akikataa msiba kwenye nyumba yake ya kupangisha, anaweza kushitakiwa?

Salvina, ambaye Kagongwa nzima ilimwita Mama Eliya, hakuwa na haja ya kuusoma ule mkataba. Aliuandika mwenyewe. Alikuwa na stashahada ya sheria, kompyuta moja, mashine ya fotokopi, na kibao mlangoni kilichosema Msaidizi wa Kisheria. Watu walimletea barua za kuachishwa kazi, notisi za kuhama, ugomvi wa mipaka. Makubwa aliyapeleka kwa wakili Kahama, madogo aliyamaliza hapo hapo, tena kwa maneno machache. Hakujua kubembeleza, na hakuona aibu kutojua.

"Kifungu cha saba kinasemaje?" alimwuliza Donatus.

"Mpangaji hataweka msiba ndani ya nyumba wala ndani ya uzio."

"Amesaini?"

"Amesaini."

"Basi hakuna wa kukushitaki."

Donatus alishusha pumzi, akashukuru, akaondoka. Salvina akarudi kwenye kazi yake. Hakuuliza nani amekufa.

Kifungu hicho kilizaliwa miaka minne nyuma, na Donatus huyo huyo ndiye aliyekisababisha. Mpangaji wake mmoja alifiwa, ndugu wakalala uani wiki nzima, choo kikajaa, kuni za watu zikaungua, na wapangaji wawili wakahama. Alikuja kulalamika, Salvina akamwandikia kifungu. Wenye nyumba wenzake wakakisikia, wakakipenda. Wakawa wanakuja mmoja mmoja: Mama Eliya, nipe ule mkataba wa Donatus. Salvina alibadilisha majina na tarehe, akagonga muhuri. Sasa kutoka stendi mpaka kwenye mashine za kukoboa mpunga, nyumba ya kupanga isiyo na kifungu cha saba ilikuwa ya kutafuta kwa tochi.

Saa nne na nusu akaingia Monika. Alikuwa peku, mtoto mgongoni, kanga imefungwa upande upande.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Keti."

Naye hakuketi. Aliweka karatasi mezani, akaeleza akiwa amesimama. Mumewe, Makoye, alifukiwa juzi kwenye duara, shimo la dhahabu huko Rwamgasa. Jana walimtoa. Gari lililombeba lilikuwa limeshatoka Geita, Agapiti, kaka wa marehemu, yumo ndani, na jioni hiyo hiyo wangemzika Samuye kwa wazazi wake. Njia ni hii hii ya Kagongwa. Monika alitaka gari lisimame, mwili uingie nyumbani, watu wamwombee, kisha yeye na mtoto waondoke naye kutoka pale. Mwenye nyumba alikataa. Akaenda kwa shemeji yake, mume wa dada yake, mtaa wa pili, naye kapanga; mwenye nyumba akamwonyesha karatasi. Akaenda kwa rafiki yake anayesali naye jumuiya moja. Karatasi.

"Nyumba tatu, Mama," alisema. "Zote zina muhuri wako."

Salvina aliivuta ile karatasi, akautazama muhuri.

Monika akaendelea taratibu, bila kulia, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulitazama. Wakwe zake hawakuwahi kufika Kagongwa. Walijua tu kwamba kijana wao anahangaika migodini. Kama marehemu angepitishwa barabarani moja kwa moja, yeye angefika Samuye kama mwombolezaji mwingine yeyote, na hakuna ambaye angejua kwamba Makoye alikuwa na mji wake, na kitanda chake, na mlango aliokuwa akiufunga usiku.

"Siku tulipokuja kusaini ulitusomea vifungu vyote," alisema. "Ulipofika cha saba, Makoye akakwambia hicho hakimhusu, yeye atafia shimoni. Ukacheka, Mama. Hata mimi nilicheka."

Salvina alikumbuka. Alikumbuka hata vumbi jekundu kwenye kope za yule kijana, na jinsi alivyoandika jina lake herufi moja moja, ulimi umetoka kidogo, kama mwanafunzi.

Wazo lake la kwanza lilikuwa nyumba yake mwenyewe. Lakini naye alikuwa mpangaji. Nyumba ilikuwa ya Jashvant, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mkataba wao aliuchapa Salvina mwenyewe, akajiwekea kifungu cha saba kama alivyowawekea wengine, tena kwa majivuno, kuonyesha kwamba hajipendelei. Jashvant angeweza kumruhusu, ila alikuwa Mwanza hadi jioni, na simu yake haikupatikana. Isitoshe, Makoye hakuwahi kulala nyumbani kwa Salvina. Kumpeleka pale ni kumfanya mgeni siku yake ya mwisho.

Alifunga duka. Akamwambia Monika atangulie nyumbani akafagie.

Alimkuta Donatus barazani kwake, nyumba yake ikitazamana na ile ya kupangisha, uzio mmoja, uwanja katikati. Hakuanza na pole wala habari za watoto.

"Asubuhi nilikujibu nusu," alimwambia. "Uliniuliza kama unaweza kukataa. Hukuniuliza kama unalazimika kukataa, na mimi sikukwambia. Hulazimiki. Kile kifungu kiliwekwa kukulinda wewe, na wewe ndiye unayeweza kukiachia."

Donatus alisema akimwachia mmoja, kesho wote watataka. Salvina akamjibu kwamba kila mtu ana mkataba wake, na ruhusa ya siku moja ikiandikwa hivyo, inakuwa ya siku moja. Akatoa karatasi na kalamu, akaweka daftari gotini.

"Taja unachoogopa. Kimoja kimoja. Nitaandika."

Aliogopa choo. Salvina akaandika kwamba waombolezaji watatumia choo cha nyumbani kwake Salvina, nyumba ya nne kutoka pale. Aliogopa watu kulala. Akaandika: kuanzia mwili unapofika hadi unapoondoka, yasizidi masaa mawili, na matanga yatawekwa Samuye. Aliogopa kuni na moto uani. Akaandika kwamba hakutapikwa chochote. Aliogopa wapangaji wengine, lakini hao walikuwa wamekwisha kusimama milangoni wakisikiliza, na mmoja, mshona viatu, akasema yeye yuko tayari kuondoa baiskeli na madumu ili pawe peupe. Chini kabisa Salvina akaandika jina lake kama mdhamini, akasaini.

Donatus aliisoma karatasi mara mbili. Hakuchukua kalamu.

"Bado kuna kingine," Salvina alisema.

Kilikuwepo. Kilimtoka kwa shida. Chumba kilichotoa maiti, watu hukiogopa. Hukaa kitupu. Na yeye alikuwa mzee, mke wake alishatangulia, hakupenda kila asubuhi afungue dirisha akitazamana na mlango uliopitisha maiti.

Salvina aliitazama karatasi yake. Kwa hilo hakuwa na mstari.

"Hicho siwezi kukuandikia," alisema. "Nakwambia hivi tu, Baba. Siku yako ikifika utatolewa kwenye mlango wako, na hakuna wa kukuuliza mkataba. Makoye naye alikuwa na mlango. Ni huo wako."

Kuku walipita uwanjani. Kisha simu ya Monika ikalia kule chumbani, na wote wakamsikia akijibu kwa Kisukuma: ndiyo, wako Kahama tayari, ndiyo, anasubiri. Hakusema anasubiri wapi.

Donatus akainuka. Salvina alidhani anaingia ndani kuwafungia mlango. Alitoka na nyundo na tindo. Geti lake lilikuwa na mabawa mawili, na moja lilikuwa limeshikwa na kutu miaka mingi. Watu walipita upande upande, na jeneza lisingepita. Aligonga bawaba mpaka bawa likang'oka, akalilaza ukutani. Ndipo akarudi kwenye karatasi, akafuta mikono kwenye suruali, akasaini.

Gari liliingia saa saba na robo. Walimpitisha Makoye getini bila kumwinamisha, wakamweka kwenye mkeka mbele ya mlango wake. Katekista aliongoza sala. Monika alikaa kichwani pa jeneza, mtoto mapajani, na Agapiti akatazama kile chumba, pazia, jiko la mkaa, fulana iliyoachwa kambani, akaonekana anahesabu vitu vya kwenda kueleza nyumbani. Masaa mawili hayakuisha. Walipombeba tena, Monika alifunga mlango kwa ufunguo, akausukuma kuhakikisha, akafuata. Donatus alitembea nyuma ya gari mpaka lami, kofia mkononi.

Salvina alirudi dukani. Alifungua faili la mkataba kwenye kompyuta, akafuta kifungu cha saba, cha nane kikapanda kukaa mahali pake. Ilichukua muda mfupi mno. Karatasi zilizokwisha kugongwa muhuri zilikuwa ndani ya masanduku ya watu, chini ya magodoro, na hizo hazikufutika kwa kidole. Akachukua kalamu na muhuri. Ilibidi zifuatwe nyumba kwa nyumba.

Alianza na yake. Jashvant alikuwa ndiyo kwanza anashuka safarini, mafaili ya mzigo bado kwapani. Salvina alimwekea mkataba wao juu ya kaunta, akamwonyesha mstari, akamwomba wote wawili waufute na kusaini pembeni.

Jashvant alisoma, akamtazama kwa huzuni.

"Pole sana, Mama Eliya. Nani amefariki kwako?"

"Bado," alisema Salvina. "Ndiyo maana nimekuja leo."