Wiki ya Kabla ya Siku Zake

Kimya ndicho kilichonitoa jikoni, mikono bado ina unga. Tangu asubuhi mjukuu wangu alikuwa akigonga mlango wa chumba, akilia, akinisema kwa adabu yake ileile: "Bibi, hata mbuzi hafungwi hivi!" Sasa mlango ulikuwa umenyamaza, na jua liko utosini.

Nilimfungia mimi. Tulimwita Swala, kwa mbio zake. Kila mwezi, wiki moja kabla ya siku zake, alibadilika: kichwa, matiti kuuma, machozi bila msiba, akigombana hata na kijiko. Mwaka ule joto lilizidi, naye akazidi. Mimi nikaona ni mbio, zinamtikisa tumbo. Sisi mama yetu alitulaza, akatufunika, tukatulia. Basi nikampa blanketi na chupa ya maji moto, nikafunga na dirisha upepo usimpige. Chumba cha mabati, mwezi wa joto. Nikajiona nimeganga.

Ufunguo ulizunguka, mlango ukagoma. Mwili wake ndio uliouzuia. Alikuwa amelala sakafuni akitafuta upepo kwenye upenyo wa chini. Nilisukuma kidogokidogo, nikiogopa kumuumiza, nikiogopa zaidi kwamba hasikii maumivu. Ngozi yake ilikuwa moto kama chungu. Nilimwita. Hakuitika.

Nilipiga ukunga. Jirani yetu nesi akaja mbio, akamvuta uani kivulini, akamfunika shuka lililoloa, akanipa sinia nimpepee.

"Bibi, huyu ulimfungia au ulimwoka?"

Nilipepea nikihesabu pumzi zake, na kati ya moja na nyingine nilizeeka. Gari la kutupeleka zahanati lilipofika, ndipo alipofumbua macho.

"Mbio hazina kosa," nesi aliniambia njiani, sasa kwa upole. "Wengine huwapunguzia hayo maumivu. Ila akimbie alfajiri, jua halijapanda, na maji anywe."

Mwezi uliofuata, wiki ileile, Swala alifunga kamba za viatu kungali na ukungu. Nilitaka kumkataza, badala yake nikachota maji. Nikamfuata hadi uwanjani na jagi na kikombe, nikasimama katikati, yeye akinizunguka. Kila alipopita nyuma yangu nisimwone, moyo ulinipasuka.

Mzunguko wa tatu akasimama mbele yangu, akacheka.

"Bibi, mbona unahema wewe, na anayekimbia ni mimi?"

Nikammiminia maji. Mengi yalimwagika nje ya kikombe.