Krenki ya Samweli

Injini ya lori la Samweli ilifunguliwa ndani ya sebule yake mwenyewe, pale Shelui, kwa sababu ya upepo. Julai ile upepo ulivuma mchana kutwa ukibeba vumbi la barabara kuu, na Samweli hakutaka mchanga uingie kwenye chuma kilichokwisha kupakwa mafuta. Makochi yalihamishiwa kwa jirani. Pistoni zilipangwa juu ya gunia karibu na kabati la vyombo, bloku, ule mwili mzito wa injini, ikageuzwa miguu juu katikati ya chumba, na mkewe, Febronia, akazoea kupita na sufuria ya uji katikati ya vyuma bila kukanyaga kitu.

Lori hilo Samweli aliliendesha tangu lilipokuwa mali ya ushirika. Ushirika ulipoyumba na magari yake kuuzwa, yeye na mdogo wake Bonifasi wakalinunua likiwa bovu nusu. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, ambapo kila mtu aliweza kununua mazao mkulima alipo na kuyapeleka anakotaka. Samweli alishika usukani, Bonifasi akawa utingo, wakasomba alizeti na vitunguu kutoka vijiji vya juu. Halafu siku moja, katikati ya mlima wa Sekenke, injini ikaanza kugonga kama mtu anayebisha hodi kwa nyundo. Walipoifungua waliona krenki imelika. Krenki ni ule mhimili mzito unaozungushwa na pistoni zote; ukiharibika huo, injini haipo. Shelui hapakuwa na mashine ya kuichonga. Samweli akapanda nayo juu ya lori la mchele lililokuwa likienda Dodoma.

"Nikirudi tunafunga," alimwambia Bonifasi akiwa tayari juu ya magunia. "Msiguse kitu."

Hakurudi kwa wakati waliomtarajia. Febronia alikwenda stendi kila basi la kutoka Singida lilipofika, akarudi peke yake.

Alhamisi moja mchana lori kubwa lilisimama mbele ya nyumba. Dereva alikuwa mtu wa makamo aliyejitambulisha kwa jina la Chediel. Alisema ana mzigo wa Bonifasi. Mzigo ulikuwa umefungwa kwa gunia na kukazwa kwa kamba ya katani, na ilibidi yeye na Bonifasi waushike huku na huku, wakisimama mara kwa mara kupumua, mpaka wakaufikisha sebuleni.

"Umepewa na nani?" Febronia aliuliza.

"Na mwenyewe. Alinisimamisha jana asubuhi, nimepita Ikungi kidogo. Kasimama kando ya barabara na hii kaibeba begani."

"Peke yake?" Bonifasi alicheka. "Kaka, hii tumeibeba wawili na mgongo unaniuma."

Chediel aliutazama mzigo kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza. "Ndivyo nilivyomkuta. Begani, kama mtu aliyebeba jembe. Akaiweka mwenyewe juu ya gari. Nikamwambia panda twende, akasema yeye bado. Akasema nikuambie mfunge, msimsubiri."

Febronia alifurahi. Alidhani mumewe ana shughuli Ikungi na atakuja na gari la nyuma. Alikaanga kuku, akamwekea mumewe mapaja.

Kesho yake aliyeshuka kwenye basi la mchana alikuwa Leonard, binamu yao anayeishi Dodoma. Alishika mfuko wa nailoni wenye nguo za Samweli, zimefuliwa na kukunjwa. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni akavua kofia, na Febronia alipoiona suruali ya mumewe ndani ya mfuko alikaa chini hapohapo kizingitini.

"Ni ule ugonjwa wa kuhara," Leonard alisema. "Umewachukua wengi mtaani kwetu. Alianza Jumamosi usiku, Jumapili jioni akafariki. Hawakutupatia mwili, shemeji. Watu wa afya wamezika wenyewe, sisi tulisimama mbali tukatazama. Nilikwenda kwa wachonga vyuma nichukue angalau krenki niwaletee. Wakaniambia mwenye mali kaja Jumanne kaichukua mwenyewe."

Kupitia mlango uliokuwa wazi Leonard aliiona krenki, imelala juu ya gunia lake, inang'aa.

"Ile imefikaje?" aliuliza.

Habari zilipofika kijijini kwao, Kinyangiri, mama yake Samweli na Bonifasi, Luciana, aliletwa na watu wa ukoo. Watu walikaa msibani nje, chini ya turubai, kwa kuwa sebule ilijaa vyuma na Febronia alikataa viondolewe. Katikati ya msiba Chediel alipita akirudi Dodoma. Alisimama kuuliza kama jamaa amefika salama. Bonifasi aliingia ndani akatoka na picha ya harusi ya kaka yake.

"Ndiye," Chediel alisema mara moja. "Ndiye huyu. Ila siku ile alikuwa amevaa shuka, kajifunga huku." Aligusa kifua chake. Kisha akaona turubai, akaona wanawake wamefunga vichwa, akaelewa. Hakumalizia chai aliyopewa. Walisikia lori lake likiondoka kwa gia kubwa mno, likikohoa.

Bonifasi aliporudi ndani alikuta mama yake amechuchumaa kando ya krenki, kiganja chake juu yake.

"Njoo ushike," mama alisema.

Ilikuwa asubuhi ya baridi. Spana zilikuwa za baridi kiasi cha kuuma vidole, bloku ilikuwa ya baridi. Bonifasi aliweka mkono juu ya krenki, akautoa haraka. Ilikuwa na joto. Joto la ng'ombe aliyelala, ukimgusa ubavuni.

"Ni jua," alisema.

"Jua gani humu ndani?" Mama hakuinua macho. "Mwanangu wamemzika kama mzoga, sina kaburi la kwenda. Kilichorudi nyumbani ni hiki. Nataka kizikwe Kinyangiri, karibu na baba yake. Padri akitaka aje, asipotaka nitaomba mwenyewe."

Bonifasi alimtazama shemeji yake. Yeye mwenyewe aliogopa kuichezea injini ile, na aliogopa vilevile kumzika kaka yake kwa sura ya chuma. Watoto watatu wa Febronia walilitegemea lori, na mama mwenyewe alilitegemea. Lakini hakuweza kumwambia hivyo mama aliyekaa na kilio.

Febronia ndiye aliyejibu. Alipiga magoti mbele ya mkwewe, akazungumza taratibu.

"Mama, aliagiza ifungwe. Angetaka izikwe angeipeleka Kinyangiri. Njia ya Kinyangiri anaijua. Kaileta hapa."

Luciana hakukubali, hakukataa. Alikwenda kulala kwenye chumba cha watoto, uso ukiangalia ukuta, na tangu hapo hakuongea na mtu.

Matanga yalipokwisha na watu kutawanyika, Bonifasi akaanza kazi. Febronia alimsaidia. Alikuwa ameona mengi katika miaka ya kuishi na dereva. Alijua spana kwa namba zake na alijua kuosha vyuma kwa dizeli mpaka kitambaa kitoke cheupe. Waliinua krenki kwa kamba iliyopitishwa kwenye boriti, wakaishusha polepole ndani ya bloku, juu ya beringi mpya zilizopakwa mafuta. Ilijilaza mahali pake bila kugonga kitu. Joto lake walilizoea, kama unavyomzoea mgonjwa wa homa ndani ya nyumba. Hawakulizungumzia.

Juu ya krenki huja vifuniko, vinavyoibana kwenye bloku. Bonifasi alivipanga, akavikaza kwa zamu, kisha akatia pao, chuma kirefu cha mkono, mbele ya krenki ili kuizungusha. Injini iliyofungwa vizuri huzunguka kwa mkono mmoja. Hii iligoma. Alilegeza boliti zote, akakaza upya. Iligoma. Alivua shati ingawa kulikuwa na baridi, akajaribu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Basi tena," alisema, akalitupa pao sakafuni. "Haitaki. Mama alisema kweli, tukaizike."

Sauti ya Luciana ilitoka chumbani, tulivu, ya mtu anayemtuma mtoto dukani.

"Cha tatu umekigeuza."

Walitazamana. Bikizee yule hakuwahi kushika spana. Hata kupanda lori alisaidiwa. Bonifasi alifungua boliti za kifuniko cha tatu, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Alama iliyotakiwa kutazama mbele ilikuwa imetazama nyuma. Alikirudisha sawasawa, akakaza, akatia pao. Krenki ilizunguka laini kabisa, mzunguko mzima, ikapita kidogo pale alipoacha kusukuma.

Febronia alikwenda hadi mlango wa chumba. "Mama, umejuaje?"

Luciana aligeuka kutoka ukutani. Macho yake yalikuwa makavu kwa mara ya kwanza tangu aje.

"Nimejua nini?"

"Hicho cha tatu."

"Si nimerudia tu alichosema? Kamwambia mara mbili, mdogo wake hasikii. Kwani nyinyi hamsikii?"

Hawakusikia. Walisimama kimya wakajaribu. Upepo ulikuwa ukipuliza mchanga kwenye bati, na mbali kidogo lori la mtu lilikuwa likibadilisha gia kuukabili mlima. Hapakuwa na kingine.

Tangu siku hiyo mama alihamishia kigoda chake sebuleni. Alikaa akichambua mchele au mboga, na mara chache alisema kitu kifupi: punguza, bado, si hiyo. Bonifasi alitii. Mwanzoni alishtuka kila alipomsikia. Baadaye akajikuta anasita mwenyewe, spana hewani, akingoja mama aseme, na hilo lilimtisha zaidi kuliko lile la kwanza. Pistoni zikaingia, sampu, bakuli la mafuta, ikafungwa chini, injini ikageuzwa, hedi, kifuniko chake cha juu, ikakaa mahali pake. Vijana wa stendi waliitwa kuisukuma nje kwa magogo na kuipandisha kwenye lori. Mmoja wao alisema kwa utani kwamba injini hii imeshawashwa, mbona ina moto.

Iliwaka kwa mara ya kwanza mchana, moshi mweupe ukatanda uani, kuku wakakimbia. Ilinguruma sawasawa, bila kugonga. Jirani alipiga makofi. Febronia alilia, kilio kirefu ambacho msibani hakukipata, na Bonifasi alibaki ameshika usukani akiogopa kuuachia.

Luciana alitoka ndani na mfuko wake, kitenge kimefungwa kiunoni kwa safari.

"Nipelekeni nyumbani," alisema.

Waliondoka asubuhi iliyofuata, Bonifasi kwenye usukani, Febronia mlangoni, mama katikati. Bonifasi hakuwahi kuendesha lori kuupanda Sekenke. Kaka yake ndiye aliyekuwa akiupanda. Walipoanza kona za mlima aliona mikono yake inabadilisha gia mapema kuliko alivyokusudia, na kila mara ilikuwa sawa. Mama alitazama mbele, amekumbatia mfuko, amejibana sana upande wa Febronia, kama vile upande wa dereva hapakuwa na nafasi ya kutosha.

"Mama, sogea huku kidogo, unambana shemeji," Bonifasi alisema.

"Nisogee wapi?" mama alijibu.

Walifika Kinyangiri jua likiwa juu. Majirani walisikia muungurumo wakatoka mashambani, kwa kuwa lori lilikuwa limekaa muda mrefu bila kuonekana huko. Bonifasi alizima injini. Mama alishushwa, akasimama, akajipangusa vumbi. Jirani yake Damari, ambaye hakuja msibani kwa kuwa alikuwa anaumwa, alimkumbatia akampa pole nyingi.

"Na nani kakuleta, dada?" Damari aliuliza.

"Wanangu," Luciana alisema. "Wamenileta wanangu."

Damari aliangalia lori. Alimwona Bonifasi, akaangalia tena mlango uliokuwa wazi, kama anayengoja mwingine ashuke, kisha akamtazama Febronia, ambaye alikuwa ameinama anakusanya magunia matupu kwa ajili ya alizeti.

"Haya, karibuni," Damari alisema polepole. "Karibuni wote."