Vidonge vya Jacklyne

Selpher alikuwa na wivu wa kugawia ploti nzima ya wapangaji pale Uthiru na bado ukabaki. Kwa hivyo alipokuta chupa ya vidonge kwenye jaketi la kazi la mumewe, Wesonga, hakuuliza ni vya ugonjwa gani. Aliuliza nani kampa.

"Jacklyne wa duka la dawa," Wesonga akajibu, na jina likamtoka laini kama uji uliochujwa.

Huyu mume alilishwa mboga za mrenda na managu, omena na ugali wa wimbi bila likizo; majirani walisema kuna ng'ombe wa maonyesho wanaokula vibaya kumshinda. Halafu mwanamke mwingine aje amalizie kwa vidonge? Selpher alijiona yeye ndiye mpishi, Jacklyne ndiye mke.

Wesonga akajitetea kwamba magoti na mgongo vilikuwa vikimuuma, hospitalini wakampima damu, wakamwambia amepungukiwa na vitamini D. Selpher akamtajia mboga zote za wiki hiyo, moja moja, kama shahidi kortini.

"Mama Ivyne, hiyo haitoki kwa sufuria," Wesonga akasema. "Nyingi inatoka kwa jua. Usiku nalinda geti Spring Valley, mchana nalala. Jua nitalionea wapi, na pazia ni hilo?"

Selpher akaligeukia. Zito, jeusi, kalishona mwenyewe kwa vitambaa viwili ili mwanga usimwamshe mumewe, na alikuwa amejigamba nalo kwa kila jirani. Akaligeuzia mgongo.

"Sasa ulikuwa unaficha nini?"

"Niliogopa utadhani nadharau chakula chako."

Hapo alilainika, karibu kote. Wivu uliosalia akaubeba hadi duka la dawa. Jacklyne alikuwa msichana mwenye vishimo mashavuni, anayecheka hata akitaja bei. Akamweleza kwa upole kwamba wengi wa zamu ya usiku humjia na karatasi za daktari kama ya Wesonga, na wanakula vizuri tu. Selpher aliyaelewa yote. Vile vishimo ndivyo vilivyomshinda.

"Vidonge vikiisha nitakuja mimi," akamwambia. "Yeye asubuhi atakuwa nje ya mlango wangu anaota jua, mahali ninapomwona."