Bawa la Pijo

Théoneste alikuwa fundi wa bodi za magari pale Rwezamenyo, na kwa kunyoosha mlango uliobonyea hakuwa na mpinzani. Kiangazi cha mwaka 1991 alimtangazia mkewe, Médiatrice, kwamba gari yao ya Pijo ingeingia mashindano ya mbio, na kwamba mkewe huyo ndiye angekaa kando yake kumsomea njia.

"Kwa nini mimi? Si yupo rafiki yako Gatera?"

"Gatera anaogopa kufa."

"Na mimi je?"

"Wewe hujawahi kusema."

Médiatrice alifikiri kidogo, akaendelea kufuma sweta. Ndiyo kazi iliyomlisha.

Barabara za kaskazini zilikuwa zimefungwa kwa vita, kwa hiyo mbio zilipelekwa kusini, kwenye vumbi la Bugesera. Na kwenye vumbi Pijo ile ilikuwa na tabia mbaya: kila kona, nyuma yake ilitaka kutangulia mbele.

"Dawa yake ni bawa," Théoneste alisema. "La ndege limetuna juu, linainua. Ukiligeuza likatuna chini, upepo unaikandamiza gari barabarani."

Akalifua kwa alumini, akalifunga juu ya buti, chini kabisa, karibu na kioo cha nyuma. Majirani walikuja kulitazama na kulisifu. Wakaijaribu gari kwenye barabara ya Kagarama. Ikateleza vilevile.

"Labda bawa halijazoea," Théoneste alisema.

Médiatrice hakubisha. Alikata nyuzi za sufu nyekundu, akazibandika kwenye paa, kwenye kioo na kwenye bawa lenyewe. Nyingine akazifunga kwenye fimbo aliyoisimamisha juu ya buti. Kisha akapanda pikapu ya Gatera, wakaifuata Pijo kwa nyuma. Nyuzi za paani zilikuwa zimelala kama nywele zilizochanwa. Za kwenye kioo na kwenye bawa zilizunguka ovyo, nyingine zikielekea mbele, kama watu waliosahau kitu nyumbani. Kwenye fimbo, zile zilizopita kimo cha paa zilinyooka vizuri.

"Upepo unaruka juu ya paa, unaacha shimo nyuma ya kioo," alimwambia mumewe. "Bawa lako limekaa shimoni. Lipandishe."

Akalipandisha juu ya vyuma viwili, mpaka likapita paa. Safari hii nyuma ya gari ilishika barabara kama kupe. Théoneste alifurahi sana, na mtu akifurahi hivyo ni wa kuchungwa. Asubuhi ya mashindano, Médiatrice akiwa anafunga kilemba, Théoneste aliuinamisha zaidi ukingo wa mbele wa bawa ili likandamize maradufu. Hakumwambia.

Walivuka mto Nyabarongo salama. Kwenye barabara iliyonyooka Pijo ilikwenda kwa kusitasita, kama inavuta mtu aliyekataa kuja. Kisha ukaja mteremko, na mwisho wa mteremko palikuwa na kona.

"Kulia, kali," Médiatrice alisoma.

Gari ilikwenda moja kwa moja.

"Nimesema kulia."

"Nimekata!"

"Wewe umekata. Gari haijakata."

Walisimama katikati ya shamba la mihogo. Mama mmoja aliyeshika jembe aliwatazama mpaka vumbi likatua.

"Mnatafuta nani?"

"Tunakwenda Nyamata, mama," Théoneste alijibu.

"Nyamata iko kule," akaonyesha barabara.

Médiatrice alishuka, akalitazama bawa, akaelewa.

"Umeona baiskeli iliyopakiwa ndizi nyuma? Gurudumu la mbele linaelea, mtu anageuza usukani bure. Ndicho ulichofanya." Akalipiga bawa kwa kiganja. "Ningekufa leo, Baba Gwiza, kwa kitu ulichokigeuza bila kuniambia."

"Nisamehe," Théoneste akasema, akampa spana.

Médiatrice aliuinua ukingo wa mbele mpaka bawa likakaribia kulala sawa na upepo, akakaza bolti mwenyewe. Mwenye shamba, jina lake Donatille, akasukuma pamoja nao. Kuanzia hapo gari ilikwenda ilikoambiwa. Walimaliza wa pili kutoka mwisho. Aliyekuwa nyuma yao alikuwa bado anaivuta gari yake kwa ng'ombe.

Jumapili, baada ya misa, walirudi shambani na mafungu ya pingili za mihogo, kufidia ile waliyoivunja. Théoneste alipanda kwa mistari iliyonyooka kuliko ya mwanzo, jasho likimtoka, Médiatrice akifukia nyuma yake. Walipopumzika, Donatille aliuliza ile meza juu ya gari ni ya nini. Médiatrice akamweleza yote: upepo, shimo nyuma ya kioo, pua inayonyanyuka ukikandamiza nyuma kupita kiasi.

Donatille alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Kisha akachukua kitenge chake kilicholowa jasho, akakianika juu ya bawa.