Mzigo Wenye Kwao

Kuntala Sahu alinunua mnyororo wake palepale jukwaani, stesheni ya Brahmapur, mashariki ya India, kwa yule mwanamume anayezunguka na minyororo na makufuli shingoni. Ulikuwa mfupi, wa kutosha tu kufunga begi kwenye chuma cha chini ya kitanda cha treni. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la sari, mahali mwanamke wa kwao Ganjam huweka funguo zake zote, kisha akalitupa pindo begani. Ndani ya begi mlikuwa na nguo, achari ya embe na, katikati ya nguo, vikuku vya dhahabu vya marehemu mama yake. Wakwe wa binti yake kule Surat, magharibi ya nchi, walikuwa wamesema wazi: vikuku vije kwanza, ndipo Jhili aruhusiwe kurudi kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza, kama desturi inavyotaka.

Treni ilichelewa. Kuntala, ambaye akiwa stesheni hakumwamini hata mtu anayesali, alilifunga begi kwenye mguu wa benchi la chuma akaenda kujaza chupa yake maji. Mara treni ikaingia, watu wakaanza kusukumana, na mchukuzi mmoja mwenye huruma akalinyakua begi akalipandisha behewani pamoja na mnyororo wake. Kuntala akapanda nyuma yake mbiombio.

Treni ikaondoka, benchi likabaki na ncha yake ya mnyororo. Mnyororo ulitoka chini ya kitanda, ukapita mlangoni, ukaendelea kurefuka kando ya reli bila kelele nyingi.

"Mama, umelifunga begi na stesheni," alisema abiria wa kitanda cha mkabala, Dandapani Behera, fundi wa mitambo ya kufuma nguo aliyekuwa anarudi kazini Surat.

"Nimeona, baba. Nitalifungua tukifika Vizianagaram."

"Ulifungue ili iweje? Mimi mwaka jana nililifunga langu hapa chini, nikakaza kweli. Kuamka, chuma kipo, mnyororo upo, begi limeshakwenda zake. Lako limeshikwa na mji mzima. Liache hivyohivyo."

Kuntala aliona maneno yale yana akili. Akatoa pepeta za mpunga na sukari guru, wakala.

Mkaguzi wa tiketi alipofika aliuangalia mnyororo, akauangalia na mlango.

"Huu una tiketi?"

"Hauketi, bwana. Unapita tu."

Mkaguzi alifikiri kidogo, akainua mguu, akauruka. Muuza chai naye aliuruka kila alipopita, akisonya. Huko nyuma, upande wa Rayagada, wanawake wanaokaa kando ya reli walikuwa wameshaanza kuanika sari juu yake.

Raipur alipanda kijana wa shati lililopigwa pasi, akakaa karibu na Kuntala kwa adabu, akafungua pakiti.

"Karibu biskuti, shangazi."

Dandapani akakohoa. Wasafiri wa njia ile wanazijua biskuti hizo: unakula, unalala, unaamka hata ndala huna.

"Nimefunga leo, mwanangu," alisema Kuntala, pepeta imejaa mdomoni.

Kijana hakukasirika. Joto la mchana lilipolilaza behewa zima, alilivuta begi taratibu akateremka nalo kwenye stesheni ndogo. Kuntala alikuwa anamtazama kwa jicho moja. Kijana alipiga hatua chache, mnyororo ukakaza, ukaanza kumrudisha mashariki, kisigino kikitangulia. Alishindana nao hadi shati likalowa. Treni ilipopiga honi akajitahidi akapanda, akalirudisha begi chini ya kitanda.

"Shangazi, mzigo wako una kwao," alisema kwa heshima. "Ungenambia mapema."

"Hukuniuliza."

Akachukua biskuti zake, akahamia behewa linalofuata.

Surat, Kuntala alichukua bajaji mpaka kwa wakwe, mnyororo ukifuata nyuma katikati ya pikipiki. Jhili alimpokea mlangoni, tumbo mbele, wakakumbatiana hadi mama mkwe, Labanya, akaguna.

"Karibu, mkwe. Miguu ufute, na hicho chuma chako kisinikwaruze sakafu."

Kuntala akatoa vikuku. Labanya akavipima kwa kiganja, akavivaa mwenyewe, akaugeuza mkono dirishani penye mwanga.

"Vyembamba," alisema. "Lakini si haba. Ila nimefikiri, mkwe. Safari ndefu, treni inatikisa. Jhili atazalia hapahapa."

"Tulikubaliana nije kumchukua."

"Tulikubaliana ulete vikuku."

Mume wa Jhili, aliyekuwa anakula pembeni, akainamia sahani yake. Kuntala alishikwa na hasira. Alitaka kumvua yule mama vikuku kwa meno. Lakini Jhili alikuwa anamtazama, na mwenye kubaki nyumba ile ni Jhili. Basi akafungua pindo la sari, akatoa ufunguo, akautoa mnyororo kwenye begi, akaufunga kwenye mguu wa kitanda cha bintiye. Ufunguo akaufunga kwenye pindo la Jhili. Asubuhi Labanya alianika taulo juu ya mnyororo, akasema angalau umefaa kitu.

Kuntala alirudi peke yake. Tangu hapo kila asubuhi huenda kukaa kwenye lile benchi la stesheni, na mnyororo huvutwa kutoka Surat: mama, sijambo. Naye huuvuta: nami sijambo, mwanangu. Kisha hununua chai, anainywa kwa raha, anarudi nyumbani.

Siku moja ya masika mnyororo ulivutwa kwa nguvu, ukavutwa tena, ukanyamaza. Kuntala alisimama wima. Muuza minyororo akasimama karibu naye, hata wateja akawasahau. Mvua ikanyesha, ikakata. Ndipo mnyororo ukavutwa kidogo sana, na mtu ambaye bado hajui kuwa ameshika kitu.

"Amezaliwa!" alisema Kuntala, akicheka na machozi yakimtoka.

"Hongera, mama! Utakwenda kumwona lini?"

"Wanataka mkufu kwanza."

Akaketi, akaushika mnyororo kwa vidole viwili, akauvuta polepole, asije akamwamsha.