Mbuzi wa Shirika

Mbuzi wangu sita walivishwa hereni za manjano zenye nambari, nami nikatia kidole gumba kwenye karatasi iliyosema sitachinja wala kugawa hata mmoja kwa miaka miwili. Shirika liliwaleta kwa lori kutoka ofisi yao ya Noonkopir, baada ya ukame kumaliza ng'ombe wangu wote. Nilishukuru, sikatai. Lakini tangu siku hiyo haikupita wiki bila mtu wa mjini kuja kuuliza hali ya mbuzi. Hali yangu hakuna aliyeiuliza.

Mwezi wa nne, Seleyian, mke wa mwanangu, alijifungua binti baada ya kuhangaika siku mbili. Alirudi nyumbani kutoka hospitali midomo imempauka, maziwa hayatoki, mtoto analia hadi sauti inakauka. Kwetu mzazi huchinjiwa mnyama mnono, akanywa supu na mafuta mpaka arudiwe na nguvu. Sasa ningemchinjia nini, hereni? Nikamtoa mbuzi nambari nne, mnono kuliko wote. Majirani wakaja, wakaonja, wakaimba. Wiki haikuisha, mtoto akawa ananyonya na kushiba.

Kisha akaja Peterson Gitonga, afisa wa shirika, akahesabu watano. Nikamweleza ukweli. Akavua kofia, akapumua kama mtu aliyefiwa, akasema akiandika hayo lori litarudi kuwachukua wote, na wanawake wanaosubiri zamu ya kupewa mbuzi wataondolewa kwenye orodha kwa kosa langu. Alhamisi wangefika wageni kutoka ng'ambo.

"Mama, huku fisi wapo?" akauliza polepole.

"Wapo."

"Basi mbuzi aliliwa na fisi. Tumeelewana?"

Nilimchukia kwa jinsi alivyoutunga uongo huo kwa wepesi. Nikamchukia zaidi kwa sababu ulinifaa.

Alhamisi tukapangwa kwenye viti vya plastiki. Seleyian aliketishwa mbele na mtoto mapajani, maana shirika lilitaka mama na mtoto waonekane kwenye picha. Mgeni mmoja akauliza yule wa sita yuko wapi, Gitonga akatafsiri huku akinikazia macho. Mbuzi watano walikuwa wamefungwa nyuma yangu. Wangechukuliwa, nisingekuwa na kingine cha kutegemea mwaka ule.

"Fisi," nikasema. Wageni wakaandika, wakangoja zaidi, nami maneno yakaniponyoka. "Fisi jike, mlafi. Alitafuna mpaka mifupa."

Majirani wote walijua mbuzi alichinjiwa nani. Wakaangua kicheko. Seleyian hakucheka. Aliinuka, akamfunika mtoto, akaingia ndani.

Nikamfuata. Alikuwa anakunja nguo za mtoto, taratibu, moja moja. Nikamwambia yalikuwa maneno tu, ya kuokoa mbuzi, kwamba wale watu wa shirika hawana maana wala utu.

"Yeyo," akasema, na mpaka siku ile sikuwahi kusikia neno la mama likisemwa kwa baridi hivyo, "ungesema niliiba, ningekubali."

Nje Gitonga alikuwa ananiita.

Nikatoka, wakanisimamisha katikati ya wale watano na kunishikisha kamba. Nyuma ya mpiga picha, Seleyian alipita na mtoto mgongoni, akielekea barabarani kutafuta boda ya kumrudisha kwa mama yake, huko Matasia. Mpiga picha akamwomba asogee kando, kivuli chake kinaharibu picha. Akasogea.

Kisha mpiga picha akanigeukia mimi, akaniambia nicheke.

Nikacheka.