Mguu wa Fundi Viatu

Jumamosi Kuu asubuhi, Nesi alipofungua bandeji ya fundi viatu, harufu ilimwambia yote kabla macho hayajaona. Kidonda kilichokuwa kisiginoni juma lililopita kilikuwa kimepanda hadi juu ya kifundo, na vidole viwili vilikuwa vyeusi ti.

Alikuwa amestaafu, lakini bado aliuzunguka mtaa ule wa mabati na beseni lake, akisafisha vidonda vya watu walioogopa hospitali kuliko ugonjwa. Nesi alimwacha fundi viatu awe wa mwisho kila mara, kwa sababu mzee huyo hakukosa kumfutia kigoda vumbi na kumwekea chai ya rangi.

"Twende hospitali leo, kaka."

"Baada ya Pasaka, dada yangu. Kesho nataka kuingia kanisani kwa miguu yangu miwili. Tangu nimzike mama watoto sijakanyaga kule."

"Mguu huu hauna kesho."

"Wewe nawe. Wakiukata, nani ataniletea viatu? Wataniona na kiatu kimoja, waseme cha pili nimeuza."

Alicheka peke yake. Nesi alikaa kigodani. Jambo hili hakuwahi kumwambia mtu, hata wanawe.

"Marehemu mume wangu naye aliniambia twende baada ya sikukuu," alisema. "Kifua kilikuwa kinambana. Mimi, nesi wa miaka thelathini, nikaona vibaya kumharibia siku. Nikamwambia sawa. Jumatatu nikamfumba macho kwa mkono huu." Aliutazama mkono wenyewe, ukiwa bado na povu la sabuni. "Usinifanye niseme sawa mara ya pili."

Mteja alichungulia mlangoni kuuliza viatu vyake. Fundi akamwambia arudi siku nyingine. Kisha fundi akalichukua shati alilolipigia pasi kwa ajili ya kesho, akalivaa.

Muuza maji aliyekuwa akipita nje alishusha madumu yake yote njiani, akampakia kwenye mkokoteni na kuusukuma polepole penye mashimo.

Hospitalini walimkata mguu jioni ile ile, chini ya goti.

Kulipopambazuka, Nesi alikuwa bado kwenye benchi kando ya kitanda. Ibada ya alfajiri ilikuwa imempita. Fundi aliamka, akapapasa blanketi mpaka pale lilipolala bapa, akageukia ukutani. Alilia bila sauti, mabega tu yakitikisika. Nesi hakumwambia apige moyo konde. Alimshika bega. Homa ilikuwa imeshuka.

Mwanamke wa usafi akaingia na ndoo yake. "Bwana amefufuka, mama."

Nesi alifungua kinywa amjibu kama alivyojibu kila mwaka, lakini alimkumbuka mumewe, akaanza kulinyoosha blanketi badala yake.

"Kweli amefufuka," fundi alijibu kwa niaba yake, midomo imemkauka, uso bado ukutani.

Mwanamke akapiga deki chini ya benchi, taratibu, asimsumbue Nesi kuinua miguu.